Kitanda cha Wazazi cha Izigo

Siku ya kuniaga, vijana niliowaacha karakana waliniuliza kwa nini kila kiti nakibonyeza kwa viganja viwili kabla ya kukikalia, hata benchi la kanisani. Nikawaambia ni uzee. Si kweli. Tabia hiyo niliipata nikiwa na nguvu zangu zote, na nimeona niandike ilikotoka, kwa sababu nyinyi mnaobaki mtaendelea kutengeneza vitu vya kubeba watu, na mimi hakuna aliyenieleza mapema kwamba kazi hii humkosesha mtu usingizi. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa. Hazina cha kusimulia.

Nyumbani ni Kahororo, kwenye kibanja cha migomba na kahawa. Niliingia karakana ya samani ya serikali mjini Bukoba miaka michache baada ya Uhuru. Msimamizi wetu alikuwa Ta Zakaria. "Ta" ndivyo sisi Wahaya tunavyomwita mwanamume wa heshima, na yeye heshima alikuwa nayo: Mlutheri mrefu, mkimya, aliyevaa tai chini ya ovaroli kila Jumatatu bila kueleza sababu. Siku yangu ya kwanza alinionyesha kabati kubwa la mvule lililokuwa tayari kupelekwa kwa mteja.

"Litoe nje," akasema.

Tulilinyanyua, mimi na fundi mwingine, tukafika nalo mlangoni likakwama. Tukaligeuza ubavu, likakwama. Tukalisimamisha, likakwama. Jasho lilinitoka, maana nilidhani nikishindwa nitarudishwa nyumbani siku hiyo hiyo.

"Sasa?" akauliza Ta Zakaria.

"Labda tupanue mlango."

"Mlango ni wa serikali. Fikiria tena."

Akachukua nyundo yake ya mti, akagonga kabari za mbao zilizofichwa kwenye pembe, na kabati lote likalala sakafuni vipande vipande. Halikuwa na msumari hata mmoja. Tukavitoa vipande, tukavipachika tena uani. Hakunipa mafunzo yoyote kwa maneno. Alirudi kwenye benchi lake, nami nikabaki nimelishika lile kabati kwa mikono miwili, nikiogopa lisije likabomoka tena mbele ya mteja.

Mwanzoni karakana ilikuwa ikitengeneza zaidi makochi na meza za kulia chakula kwa kufuata picha za magazeti ya Ulaya. Siasa ya ujamaa ilipoingia, oda zikabadilika. Sasa vilitakiwa vitu vya vijiji vipya: madawati, mabenchi ya elimu ya watu wazima, meza za maduka ya ushirika. Na vyote viende mahali ambako lori halifiki, wakati misumari na skrubu vimeadimika mkoa mzima. Ndipo lile wazo la kabati likawa wazo la karakana nzima. Tulibuni dawati linalofunguka likawa mbao bapa, mtu akajitwika kichwani, akapita nalo kati ya migomba, akalipachika shuleni kwa kabari na nyundo ya mti. Mimi mwenyewe nilibuni viti vya chumba cha kusomea ambavyo kikalio chake kilisukwa kwa kamba za mgomba badala ya kitambaa. Vilipendeza na vilikaa vizuri. Mbuzi wa kijiji wakavila.

Nilicheka na wenzangu, lakini usiku ule sikulala. Niliwaza kwamba nilihesabu kila kitu isipokuwa mbuzi. Na kama nilisahau mbuzi, nimesahau nini kingine kwenye vitu vilivyokwisha kutoka? Kila lori lilipoondoka na kazi yangu nililifuata kwa macho mpaka likakata kona, kisha nikaanza kukumbuka kiungo kimoja kimoja. Nilimweleza Ta Zakaria.

"Hofu hiyo usiitupe," akasema. "Ila usiilete mezani wakati wa kula."

Ndipo likaja agizo la vitanda vya kujifungulia. Wilaya ya Muleba ilikuwa na zahanati mpya kwenye vijiji vya ujamaa, na kila moja ilitakiwa iwe na chumba cha wazazi. Vitanda vya chuma kutoka nje havikupatikana. Karakana ikaambiwa ivitengeneze kwa mbao, vitano kwa kuanzia, na Ta Zakaria akanipa mimi kazi ya kubuni. Nilikuwa sijaoa. Nilichokijua kuhusu uzazi ni kwamba wanaume huambiwa wakae nje.

Nilichora kitanda kizuri, kilichonyooka, chenye miguu minene. Mkunga wa zahanati ya kwanza, Nesi Leokadia, akapanda gari kutoka Izigo kuja kukiona. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuzoea kusikilizwa. Alikizunguka mara moja.

"Lala," akaniambia.

"Mimi?"

"Unataka nilale mimi mbele ya mafundi wote hawa?"

Nikapanda nikalala chali. Randa zikanyamaza karakana nzima.

"Kunja magoti. Sasa sukuma kama mtu anayetaka kuhamisha jiwe kwa miguu."

Nikasukuma. Miguu ikateleza. Mikono yangu ikaanza kupapasa mbao bila kupata pa kushika, na kichwa kikaning'inia nyuma.

"Unatafuta nini kwa mikono?"

"Pa kushika."

"Umeona? Akina mama zetu nyumbani hawalali hivyo. Wanachuchumaa, wanashika nguzo ya nyumba. Mimi chuoni nilifundishwa kuwalaza, nami nawalaza, maana lazima nione ninachofanya. Lakini nitafutie katikati ya hayo mawili."

Katikati ya hayo mawili tuliitafuta pamoja kwa muda mrefu, yeye akija na kurudi, mimi nikichora na kufuta. Tulipata kitanda ambacho nusu yake ya juu huinuka ikawa egemeo la mgongo, mama akawa amekaa nusu na kulala nusu. Kandokando tuliweka vishikio viwili vinene vilivyosimama kama nguzo fupi. Chini tuliweka vibao vya kukanyagia, vinavyosogezwa kufuata urefu wa mtu. Mbao zote zilipigwa msasa na kupakwa mafuta mara nyingi ili zioshwe bila kunywa damu. Na chote kilifunguka kikawa vipande vya kubebwa kichwani. Sijawahi kubuni kitu kilichonifurahisha vile, na sijawahi kubuni kitu kilichonitisha vile.

Kilichonitisha kilikuwa kigingi. Egemeo lilishikiliwa na kigingi kimoja, unene wa dole gumba, kinachochomekwa kwenye matundu ya ubavuni. Ukitaka mama ainuke zaidi, unakihamishia tundu la juu. Nilikichora kiwe cha chuma. Chuma hakikuja. Mhunzi wetu aliahidi, akaahidi tena, kisha akasema wazi kwamba hana. Siku ya ufunguzi wa zahanati ilikuwa imekwisha kutangazwa. Mimi na Ta Zakaria tukachonga cha mbao ngumu kuliko zote tulizokuwa nazo, kipande cha mvule kilichobaki pembeni, tukapanga magunia ya kahawa juu ya egemeo. Likavumilia kutwa nzima.

Nesi Leokadia alipoyaona magunia akatikisa kichwa. "Gunia halisukumi," akasema.

Tulikubaliana sote watatu kwamba kitanda cha kwanza kiende, nami niende nacho, nikae Izigo mpaka kigingi cha chuma kipatikane, na mama yeyote asikipande kabla ya hapo. Vile vinne vingine vingesubiri karakana. Ta Zakaria alinisindikiza mpaka kwenye lori.

"Kaa mpaka uridhike," akasema.

"Ta, nikisubiri kuridhika sitarudi."

"Basi kaa mpaka Leokadia aridhike. Huyo ana kipimo."

Lori lilipita Kemondo, likapakia mifuko ya chumvi, likatushusha barabarani Izigo. Kutoka hapo wanakijiji walijitwika vile vipande mpaka zahanati. Ilikuwa nyumba ya tofali nyekundu iliyokuwa bado inanuka chokaa. Nikapachika kitanda kwenye chumba kidogo, nikagonga kabari, nikazunguka nikibonyeza. Usiku nililala kwa mwalimu wa kijiji, mchana nilikaa zahanati nikitengeneza ngazi fupi ya kupandia kitanda, maana kazi haikosekani.

Asubuhi moja, mvua ikiwa imetoka tu kukatika, mama kijana aitwaye Adelina aliletwa na mama mkwe wake, Mae Paskazia; "Mae" kwa wanawake ni kama "Ta" kwa wanaume. Mimba ilikuwa ya kwanza na uchungu ulikuwa umeanza tangu jana yake. Mume alibaki nyuma kutafuta watu wa machela, wao wawili wakaona wasisubiri, wakaja kwa miguu wakipumzika njiani. Msaidizi wa Nesi Leokadia alikuwa amekwenda Muleba kufuata dawa. Nesi alikuwa peke yake.

Alimlaza Adelina kwenye godoro chini, akampima. Kisha akatoka uso umebadilika, akanijia pale nilipokuwa napiga randa.

"Mtoto ametanguliza makalio," akasema taratibu. "Pale chini siwezi kumsaidia, sifiki. Nahitaji akae ukingoni mwa kitanda, ameinuka. Machela ya kumpeleka hospitali ikija leo, itakuwa imechelewa. Kigingi chako kitashika?"

Nilitamani kusema ndiyo. Nilitamani pia kusema hapana nisije nikalaumiwa.

"Sijui," nikasema.

"Hilo nalijua. Nataka ulichonacho kichwani."

"Kwa mtu aliyelala tu, kitashika. Kwa anayesukuma, sijui kwa muda gani."

Akafikiri kidogo, mikono kiunoni. "Usiende mbali," akasema, akaingia.

Mlango wa chumba ulikuwa pazia la kitenge. Nilisimama nje ya dirisha, mgongo ukutani, randa mkononi. Nilimsikia Adelina akipandishwa kitandani, akilia kwa sauti ya chini, na Mae Paskazia akimwambia kwa Kihaya avute pumzi. Ukuta ulikuwa bado na unyevu, ukanilowanisha shati, na mimi sikuweza kuondoka pale.

Mbao ikielemewa hulia kabla ya kuvunjika. Mlio wake ni mdogo, kama mtu anayetafuna punje ya kahawa kavu chumba cha pili. Niliusikia. Adelina akasukuma tena, nikausikia tena.

"Nesi," nikaita kupitia dirishani. "Kigingi kinaachia. Mteremshe."

Sauti yake ikaja, bila haraka: "Siwezi kumsogeza. Mtoto ametoka nusu. Ingia."

"Mimi ni mwanamume."

"Najua wewe ni nani. Ingia kwa upande wa ukutani, tazama chini, shika hicho kitu chako."

Mae Paskazia akasema kwa Kihaya kwamba mwanamume haingii hapo, haijawahi kuwa.

"Basi shika wewe, Mae," akajibu Nesi Leokadia.

Mikono yote miwili ya Mae Paskazia ilikuwa imeshikwa na Adelina. Aliitazama, akanigeuzia mgongo.

Niliingia nimeinama, macho sakafuni, nikatambaa chini ya kitanda kutoka upande wa ukuta. Kigingi kilikuwa kimepasuka kwa urefu, nyuzi zake zimeanza kuonekana nyeupe. Niliweka bega la kulia chini ya egemeo, nikapiga magoti, nikajibana kwenye miguu ya kitanda. Kutoka pale sikuona kitu isipokuwa miguu ya Nesi Leokadia. Alivaa raba nyeupe, na kamba ya moja ilikuwa imefunguka.

"Sasa, Adelina," akasema. "Sasa hivi."

Uzito ukaja. Haukuja kama wa gunia. Ulikuja ukasukuma, ukalegea, ukarudi mkubwa kuliko mwanzo. Kigingi kikakatika, kipande kikanipiga shavuni, na egemeo lote likawa juu yangu. Niliona raba zikisimama kwa vidole, kisha visigino vikashuka, kisha zikasimama tena kwa vidole. Nilijifunza kuzisoma zile raba kama mnavyosoma ramani. Visigino vikishuka, nilivuta pumzi. Vikiinuka, niliuma meno. Bega lilianza kuwaka, halafu likaacha kuwaka, na hilo lilinitisha zaidi. Kama ningeteleza, mgongo wake ungeanguka nyuma na mkono wa mkunga ukiwa umeshika shingo ya mtoto. Sikuwaza kingine chochote.

Mara uzito ukalegea wote. Raba zikageuka, zikaenda haraka kwenye meza. Hakuna aliyelia. Nilisikia kitambaa kikisugua, nikasikia kofi dogo, na tena kofi dogo. Adelina akauliza, "Mbona kimya?" Mae Paskazia akaanza kusema maneno ya Kihaya ambayo husemwa msibani, akayakatiza mwenyewe katikati.

Kisha ikaja sauti nyembamba, yenye hasira.

"Msichana," akasema Nesi Leokadia. Akaongeza: "Fundi, bado uko?"

"Niko."

"Usitoke mpaka nikuambie."

Nilikaa pale hadi kondo likatoka na Adelina akateremshwa kwenye godoro. Nilipotoka nilitambaa vilevile, macho chini, nikaenda hadi kwenye pipa la maji ya mvua uani nikaegemea. Mkono wa kulia haukuinuka.

Mae Paskazia akanifuata, akanawa mikono polepole kwenye lile pipa.

"Wewe ni mtoto wa nani?" akauliza.

Nikamwambia jina la baba na la babu, na kibanja chetu kilipo. Akaitikia kwa kichwa kwamba amewafahamu, au amewafahamu wanaowafahamu.

"Hukuwemo mle ndani," akasema.

"Ndiyo, Mae."

"Mwanangu akikuuliza?"

"Nilikuwa nje nikipiga randa."

"Vizuri." Akakausha mikono kwa khanga. "Hicho kitanda chako ni kizuri. Ila kimevunjika."

Mume wa Adelina alifika mchana na watu wa machela, akacheka, akalia, akawashukuru wote waliokuwepo. Kesho yake aliniletea mkungu wa ndizi. "Wanasema umeleta kitanda chema, fundi," akasema. Niliupokea kwa mkono wa kushoto kwa kuwa wa kulia ulikuwa bado umekufa, naye akanitazama kama mtu asiyefundwa kwao. Sikuweza kumweleza.

Aliyefuata alikuwa Bwana Maendeleo wa wilaya, aliyekuja kwa pikipiki kukagua matayarisho ya ufunguzi. Alikuwa kijana kama mimi, na uso wake ulionyesha kwamba naye hakuwa akilala. Alikiona kitanda egemeo limelala na kigingi kimekatika.

"Mgeni rasmi anatoka mkoani," akasema. "Kifunikeni shuka. Mtarekebisha baadaye."

"Baadaye ya nani?" akauliza Nesi Leokadia. "Zahanati ikifunguliwa, kesho yake watakuja akina mama. Nitawaambia wasubiri baadaye?"

"Dada, mimi nimetumwa. Nikirudi nikasema hakuna kitanda, wataniuliza nilikuwa nafanya nini miezi yote hii."

"Na mimi nikisema mama ameanguka?"

Akakaa kwenye ngazi yangu fupi, akashika kichwa. Nilimwonea huruma. Nikamwambia sihitaji kigingi tena, wala chuma. Nilikuwa nimekaa siku nzima na maumivu ya bega, na maumivu yalikuwa yamenionyesha jambo. Bega langu lilikuwa limelala mahali ambapo upau ulipaswa kuwepo: si kijiti kimoja ubavuni, bali upau mnene unaopita chini ya egemeo kutoka upande hadi upande, ukikaa kwenye meno yaliyochongwa pande zote mbili. Ukitaka kuinua egemeo, unahamishia upau jino la juu. Mama akisukuma, anazidi kuukandamiza mahali pake.

"Unahitaji nini?" akauliza Bwana Maendeleo.

"Mvule mkavu. Karakana hatuna. Na muda."

Alifikiri, akasema barabara ya Kemondo mvua imeiharibu, jambo ambalo lilikuwa kweli kwa sehemu, na kwamba angeshauri mgeni asogeze safari. Aliondoka na pikipiki yake akiwa na wasiwasi uleule aliokuja nao, ila sasa tuliugawana.

Mvule ulitoka kwa Mae Paskazia. Nesi Leokadia alimweleza shida yetu alipokuja kumwona mjukuu, naye akaniita nyumbani kwake. "Nyegera, waitu," akanikaribisha, "waitu" likiwa neno letu la heshima na la kubembeleza, akanipa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kisha akanipeleka nyuma ya nyumba. Chini ya migomba palikuwa na mtumbwi wa kukamulia ndizi za pombe ya rubisi, wa mvule mtupu, mrefu kuliko mtu, uliochongwa na baba wa marehemu mumewe. Ulikuwa na ufa mdogo upande mmoja.

"Huu umeoza," akasema.

Niliugonga kwa kidole. Haukuwa umeoza. Ulilia kama kengele.

"Mae, bado unafaa. Ufa huu naweza kuuziba."

"Nimesema umeoza. Wanangu nitawaambia hivyo hivyo. Watakamulia kwa jirani." Akaupapasa ukingo wake, uliolainishwa na miguu ya wanaume wa nyumba ile waliokanyagia ndizi humo. "Wamekunywa vya kutosha humu."

Nikaupasua hapohapo, kwa msumeno, kwa sehemu kubwa nikitumia mkono wa kushoto, na harufu ya ndizi ilikuwa bado imo ndani ya mbao. Ulitoa pau za vitanda vyote vitano. Nilichonga meno, nikapachika upau wa kwanza, nikamwita Nesi Leokadia. Safari hii hakuniambia nilale. Alipanda mwenyewe, akashika vishikio, akakanyaga vibao, akasukuma mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mimi nilikuwa nimebandika sikio kwenye mbao. Haikusema kitu.

"Haya," akasema akishuka. "Nenda kalale."

Ufunguzi ulifanyika. Mgeni rasmi alikipiga kitanda kofi kama mtu anavyompiga ng'ombe anayetaka kumnunua, akasifu ubunifu wa wananchi, akauliza kama kimekwisha kujaribiwa. Bwana Maendeleo akanitazama. Mimi nikamtazama Nesi Leokadia. "Kimejaribiwa," akasema, na Mae Paskazia, aliyekaa mstari wa mbele na mjukuu mapajani, akaanza kupiga makofi kabla ya watu wengine.

Vile vinne nilivipeleka mwenyewe, kimoja kimoja, na baadaye vingi zaidi, huku Muleba na kwingineko. Ta Zakaria alistaafu, nikakaa kwenye benchi lake. Kila nilipopeleka kitanda nililala kijijini usiku wa kwanza, nikijiambia ni kwa ajili ya kabari. Upau haukuvunjika hata mmoja niliousikia. Lakini mtu husikia machache.

Baada ya miaka kadhaa vitanda vya chuma vikaja. Nilitumwa bandarini Kemondo kuvipokea kutoka kwenye meli, navyo vilikuwa vizuri, sitadanganya, vyenye skrubu za kuinua na kushusha. Nilikuwa navikagua gatini nilipoitwa. Adelina alikuwa akimsubiri mumewe anayerudi kutoka Mwanza. Pembeni yake alisimama msichana wa shule, mwembamba, akitazama masanduku yangu kwa udadisi. Tulisalimiana. Nilimuuliza hali ya Mae Paskazia, akasema amezeeka lakini bado anaamuru.

Kisha akamtuma mtoto akanunue dagaa, akasubiri aende.

"Fundi, kulikuwa na mtu chini ya kitanda siku ile."

Nilikuwa nimeahidi. "Hakukuwa na mtu," nikasema.

"Najua. Na mama mkwe aliniambia hivyo hivyo." Aliangalia ziwa. "Huyo mtu ambaye hakuwepo alikuwa akisema, 'Usivunjike, waitu, usivunjike.' Alisema muda wote, hakuacha."

Sikukumbuka kusema neno lolote chini ya kile kitanda, na mpaka leo sikumbuki. Kama nilisema, nilikuwa nikiiambia mbao.

"Nilidhani ananiambia mimi," akasema Adelina. "Nikajikaza."